Nyumba ya serikali, vocha au ya kununua: uchague ipi ukiwa jirani na jaa la sumu Marekani

Shemeji yangu alinipigia simu Jumamosi asubuhi akiwa na karatasi tatu mezani. Ya kwanza ilitoka mamlaka ya nyumba ya mji wao: zamu yake imefika, kuna fleti ya vyumba vitatu katika nyumba za serikali, ajibu ndani ya siku chache. Ya pili ilikuwa vocha ya Section 8, msaada wa serikali wa kulipia kodi ya nyumba, ambayo alikwisha kuikatia tamaa, na pembeni imeandikwa namba ya mwenye nyumba anayepokea wapangaji wa vocha. Ya tatu alipewa na dalali wanayesali naye: nyumba ndogo ya kununua, bei ya chini kuliko zote mtaani, ua mpana wa kulima mchicha na sukuma.

"Shemeji, wewe umekaa huku siku nyingi. Nichukue ipi?"

Nilimwambia anitumie anwani zote tatu. Nikaziingiza kwenye ramani ya EPA, shirika la mazingira la serikali kuu ya Marekani, ile inayoonyesha maeneo ya Superfund, yaani yenye sumu yaliyo katika mpango wa serikali kuu wa kuyasafisha. Zote tatu ziliangukia ndani ya maili moja ya nukta ileile: kiwanja kilichokuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi, ile metali ya sumu Waingereza wanayoiita "lead", kikafungwa zamani, sasa kimezungushiwa seng'enge. Shemeji ana watoto wawili, na mdogo hajatimiza miaka miwili, umri ambao kila kinachookotwa chini kinaishia mdomoni.

Jibu nilimpa siku hiyohiyo: vocha kwanza, ila kwa nyumba nyingine iliyo mbali na pale, nyumba ya serikali ya pili, kwa masharti, ya kununua isubiri. Sikuangalia bei wala uzuri wa jiko. Kila karatasi niliiuliza maswali mawili. Nani amebanwa na sheria aangalie udongo kabla hujahamia? Na ukigundua kuna tatizo, unatokaje?

Superfund inahesabu majaa, haihesabu milango

Sheria yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya nyumba. Pale Niagara Falls, jimbo la New York, kampuni ya Hooker Chemical ilifukia takriban tani 21,000 za taka za kemikali katika mfereji wa Love Canal, na mwaka 1953 ikaikabidhi bodi ya shule ardhi hiyo kwa dola 1. Shule ikajengwa, nyumba zikafuata. Miaka ya 1970 maji yenye kemikali yakaanza kuchuruzika kwenye vyumba vya chini vya watu. Agosti 1978 Rais Carter akatangaza hali ya dharura, na mwishowe takriban familia 950 zikahamishwa. Desemba 1980 akatia sahihi sheria ya Superfund, inayoipa serikali nguvu ya kusafisha maeneo kama hayo na kumdai gharama aliyeyachafua.

Leo orodha ya kitaifa ya maeneo ya kusafishwa kwanza ina majina zaidi ya 1,300. Kila eneo lina faili: historia ya kiwanda, vipimo vya maji ya chini ya ardhi, mpango wa usafishaji. Usichokikuta kwa urahisi ndicho anachokitaka mama mwenye mtoto mgongoni: nyumba zipi ziko jirani, zinamilikiwa na nani, nani anakaa humo, na je, ameambiwa? Hayo yako katika ofisi nyingine, ile ya HUD, wizara ya nyumba na maendeleo ya miji. Kwa miongo kadhaa ofisi hizi mbili zilikuwa kama majirani wanaosalimiana tu kwenye ngazi. Mwaka 2020 mashirika ya wanasheria watetezi, Shriver Center na Earthjustice, walipoziweka data za pande zote mbili juu ya ramani moja, walikuta asilimia 70 ya maeneo ya orodha hiyo yana nyumba za kusaidiwa na HUD ndani ya maili moja.

Hapo ndipo inapoingia miswada iliyopelekwa bungeni Washington kutaka nyumba zilizo karibu na maeneo haya zifanyiwe utafiti. Nitaifikia. Kwanza karatasi za shemeji.

Nyumba ya serikali: kuna anayewajibika, lakini uliza lini aliangalia

Kwa sheria, nyumba za serikali zina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Kanuni za HUD zinataka eneo lolote linalotumika katika mipango yake liwe halina kemikali za sumu zinazoweza kudhuru afya ya wakazi, na mradi ufanyiwe uchunguzi wa mazingira kabla fedha hazijatolewa. Kwa hiyo kuna karatasi mahali fulani, yenye sahihi ya mtu. Ukikaa nyumba ya mtu binafsi hupati hata hiyo.

Sasa tazama yaliyotokea East Chicago, Indiana. Nyumba za serikali za West Calumet, 346 kwa jumla, zilijengwa mwaka 1972 juu ya kiwanja kilichokuwa cha kuyeyusha risasi, na jirani yake kilikuwa kiwanda cha USS Lead kilichoendelea hadi 1985. Mwaka 2009 eneo likaingizwa kwenye orodha ya Superfund. Watu hawakuambiwa wahame. Watoto waliendelea kucheza kwenye vumbi, na shule ya msingi ya Carrie Gosch ilikuwa palepale jirani. Mwaka 2011 ofisi ya afya ya serikali kuu inayoshughulikia sumu za mazingira ilitoa ripoti kwamba kupumua hewa na kugusa udongo wa mtaa ule hakutarajiwi kuwadhuru watu.

Kisha Julai 2016 meya akaandika barua: hameni. Wakazi zaidi ya 1,000, wengi wao watoto. Kwenye nyasi mbele ya milango EPA ikasimika vibao vidogo vinavyowataka watu wasicheze kwenye udongo wala karibu na maganda ya miti yaliyotandazwa bustanini. Hebu fikiria umekaa pale miaka kumi, mwanao amejifunza kutembea kwenye nyasi zilezile, halafu unaamka unakuta kibao. Wapangaji walipewa vocha wakatafute pengine, na wengi walizunguka wakikataliwa na wenye nyumba. Mwaka 2018 majengo yakabomolewa.

Februari 2021 mkaguzi mkuu wa HUD alitoa ripoti kuhusu nyumba zilizo karibu na maeneo yaliyochafuliwa. Kwa watoto wa West Calumet wa miaka ya 2005 hadi 2015, uwezekano wa kukutwa na risasi nyingi kwenye damu ulikuwa karibu mara tatu ya wenzao wa sehemu nyingine za mji huohuo. Ripoti ilitaja na mitaa mingine, ukiwemo ule wa nyumba za serikali za Collegeville Center kule Birmingham, Alabama, ulio katika eneo la usafishaji linaloitwa 35th Avenue.

Kwa hiyo uchunguzi wa mazingira upo, lakini unaweza kuwa wa zamani, au wa karatasi tu, mtu hajachimba hata kijiko kimoja cha udongo. Masharti niliyompa shemeji yalikuwa haya. Aiandikie mamlaka ya nyumba, kwa maandishi si kwa simu, aombe nakala ya uchunguzi wa mwisho wa mazingira na tarehe yake. Aulize kama udongo wa ua umepimwa risasi, na namba ilikuwa ngapi. Kiwango cha EPA cha kuanza kuchunguza udongo wa makazi kilikuwa miligramu 400 za risasi kwa kilo kwa miaka mingi. Januari 2024 kilishushwa hadi 200. Jambo hilo moja linabadilisha mengi: ua uliopasishwa mwaka 2015 kwa namba 350, leo haupiti. Akijibiwa kwamba pamesafishwa, aulize kwa kiwango kipi.

Faida moja ya nyumba ya serikali nisiifiche: hali ikiharibika, hamko peke yenu. Mko familia mia mbili chini ya mwenye nyumba mmoja, naye ni serikali. Wanasheria wa msaada wa bure wanapenda kesi za namna hiyo, na waliwasaidia watu wa West Calumet kupata muda zaidi na masharti bora ya kuhama.

Vocha: mlango uko wazi, ila hakuna anayeangalia chini

Vocha inakupa kile ambacho wapangaji wa West Calumet walikikosa kwa miaka: kuchagua mtaa. Unalipa takriban asilimia 30 ya kipato chako, serikali inalipa iliyobaki, na mkataba ukiisha unahama na vocha yako. Kwa swali la kutoka, hakuna cha kuifikia.

Kwa swali la udongo, ni kinyume kabisa, na hili wengi hawalijui. Mpangaji anapotafuta nyumba mwenyewe kwa vocha, kanuni za HUD zimeitoa nyumba hiyo katika uchunguzi wa mazingira. Mkaguzi anakuja, anatazama kengele ya moshi, dirisha linafunguka, rangi haibanduki, choo kinafanya kazi. Hachukui udongo. Nimewahi kumsindikiza mgeni mmoja kama mkalimani siku ya ukaguzi. Mkaguzi alikuwa mwangalifu kweli, alipiga magoti akachungulia chini ya sinki, akajaribu kila soketi. Dirisha la jikoni lilikuwa linatazama seng'enge yenye bango la hatari. Hakuliandika.

Kwa hiyo mwenye vocha lazima awe mkaguzi wake mwenyewe. Kazi si kubwa: weka anwani kwenye ramani ya EPA, fungua ukurasa wa eneo lililo karibu, tafuta ripoti ya kila miaka mitano. Sheria inataka EPA irudi kila baada ya miaka mitano mahali ambapo uchafu umeachwa chini ya ardhi, iandike kama kinga bado inafanya kazi. Soma kurasa za mwanzo tu, zenye uamuzi. Ukikuta wameandika kwamba kinga inafaa kwa muda mfupi, maana yake kuna kitu hakijakamilika. Kama Kiingereza cha ripoti kinakushinda, mtafute kijana wa sekondari akusomee. Wa kwetu wanakimanya kutuzidi.

Ubaya wa vocha ni saa. Unapewa angalau siku 60 kutafuta, na si kila mwenye nyumba anaipokea. Sheria ya serikali kuu haimlazimishi, ingawa baadhi ya majimbo yanamlazimisha. Siku zinapokwisha mtu anachukua chochote, na mara nyingi chochote hicho ndicho kile kilicho karibu na jaa, kwa sababu hapo ndipo nyumba zinabaki tupu. Omba nyongeza ya muda mapema, kabla siku ya 60 haijafika, na sababu iandike: natafuta nyumba iliyo mbali na eneo la Superfund, nina mtoto mdogo.

Kupanga kwa mtu binafsi bila vocha sina mengi. Ni kama vocha bila fedha ya serikali. Wageni wengi nyumba ya kwanza wanachaguliwa na shirika linalowapokea, haraka haraka, wakiwa bado wana usingizi wa ndege. Mkataba ukifika mwaka, ndipo uchague kweli.

Kununua: bei nafuu ina sababu yake

Dalali wa shemeji alisema ukweli kuhusu bei. Hakusema ukweli wote kuhusu ua.

Sheria ya serikali kuu ya mwaka 1992 inamtaka muuzaji au mpangishaji wa nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 akupe kijitabu, aseme anachokijua kuhusu rangi ya risasi na hatari zake, na mnunuzi apate siku 10 za kupima akitaka. Ni sheria nzuri. Lakini inaishia kwenye nyumba hiyo. Kilichofukiwa ng'ambo ya njia hakimo kwenye fomu yake, na pale sheria ya jimbo ndiyo inayoamua.

Majimbo hayafanani hata kidogo. New Jersey, jimbo lenye maeneo mengi ya Superfund kuliko yote, ina sheria ya mwaka 1995 inayowataka wauzaji wa nyumba mpya wamjulishe mnunuzi kwamba kuna orodha ya maeneo ya hatari ya jirani, na mahali pa kuiona. Ilitungwa mwaka uleule ambao Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kesi ya Strawn dhidi ya Canuso: wanunuzi wa nyumba mpya huko Voorhees waligundua baadaye kwamba jirani yao ni jaa la zamani la Buzby, wakashitaki wajenzi na madalali, na mahakama ikasema walipaswa kuambiwa. Alabama kwa nyumba iliyokwisha kukaliwa inashika kanuni ya mnunuzi ajiangalie mwenyewe. Muuzaji anaweza kunyamaza juu ya mengi, isipokuwa anajua kasoro ya hatari kwa afya, au umemuuliza swali mahususi. Kwa hiyo Alabama neno lako moja lina thamani ya wakili: muulize kwa barua pepe, "Unajua lolote kuhusu uchafuzi wa udongo au maji hapa au kwa jirani?" Jibu litunze.

Na kutoka je? Hapo ndipo kununua kunaponitia woga. Kule New Orleans, mtaa wa Gordon Plaza ulijengwa juu ya jaa la zamani la jiji, Agriculture Street. Nyumba ziliuzwa kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980 kwa familia za Wamarekani weusi, wengi wakinunua nyumba kwa mara ya kwanza maishani, wakijiona wametoka kwenye kupanga. Mwaka 1994 mtaa wao ukaingizwa kwenye orodha ya Superfund. EPA haikuwahamisha. Iliondoa futi mbili za udongo wa juu, ikatandika kitambaa cha kuzuia, ikarudishia udongo safi juu yake, na chini uchafu ukabaki.

Mwenye nyumba akawa amefungwa. Auze kwa nani? Akihama, mkopo unamfuata. Akikaa, asichimbe shimo refu hata la kupanda mti. Walishitaki, walishinda mahakamani mwaka 2006, kimbunga cha Katrina kilikwisha kupita juu yao mwaka mmoja kabla, na bado walikuwa palepale. Mwaka 2022 ndipo baraza la jiji likapitisha dola milioni 35 za kuwahamisha. Hesabu mwenyewe: kutoka kuingizwa kwenye orodha hadi fedha ya kuhama, miaka 28.

Linganisha na mpangaji wa West Calumet, aliyepata barua Julai akaambiwa aende. Mmoja alifukuzwa kwa haraka ya kumvunja moyo, mwingine alizuiliwa hadi akazeeka. Sitasema nani aliumia zaidi. Lakini mtu anayechagua leo, mwenye mtoto wa mwaka na nusu, ni afadhali awe mahali anapoweza kutoka kwa mkataba wa mwaka mmoja kuliko kwa mkopo wa miaka 30.

Haki ya nyumba za kununua niitaje pia: tangu 1991 EPA ina msimamo wa kutomdai mwenye makazi ya kawaida gharama za kusafisha eneo kama si yeye aliyechafua. Wanaotishwa na wajanja kwamba "ukinunua pale serikali itakudai mamilioni" wasitishike kwa hilo. Hasara yao iko kwenye thamani ya nyumba na kwenye damu ya watoto.

Na sheria je, tudai ipi?

Shemeji aliniuliza swali ambalo sikulitegemea kwa mtu anayetafuta nyumba: "Kwa nini sheria isiseme tu nyumba zote za karibu zipimwe?" Nikamwambia ziko njia kadhaa, na kila moja ina watu wake.

Iliyopo tayari ni makubaliano. Januari 2017, miezi michache baada ya barua ya East Chicago, HUD na EPA zilitia sahihi hati ya kubadilishana taarifa za nyumba zilizo karibu na Superfund. Ni bora kuliko kusalimiana kwenye ngazi. Lakini makubaliano ya ofisi si sheria: hayampi mpangaji haki ya kudai chochote mahakamani, na viongozi wakibadilika yanaweza kulala kabatini.

Sheria ya utafiti inakwenda hatua moja mbele. Inaziamuru ofisi kwa jina, inaweka muda, na ripoti inarudi bungeni ambapo mtu anaweza kuulizwa kwa nini haijafika. Wanaoipinga wanasema ni njia ya kupoteza wakati, na nawaelewa. Aliyekwisha kuona kibao kwenye nyasi zake hahitaji ripoti. Hata hivyo mimi naiunga mkono, kwa sababu ya hesabu. Bila kujua nyumba ngapi, hakuna bajeti ya kupima wala ya kuhamisha. Ila si kila utafiti. Ule wa kupima umbali kwenye ramani peke yake tumeshaupata tangu 2020. Unaofaa utachukua udongo kwenye ua, utauweka pamoja na vipimo vya damu vya watoto ambavyo idara za afya za majimbo tayari zinavyo, utahesabu na nyumba za vocha zilizoachwa nje ya uchunguzi, na utawapelekea wakazi matokeo mlangoni kwa lugha wanayoisoma. Mswada usio na hilo la mwisho, mwandikie mbunge wako aongeze.

Sheria ya kumjulisha mnunuzi, kama ya New Jersey, ni nafuu na inafanya kazi haraka, lakini inamfaa mwenye uwezo wa kukataa. Mtu aliyengoja orodha ya nyumba za serikali kwa miaka mitatu, ukimjulisha bila kumpa pengine pa kwenda, umempa wasiwasi tu. Na sheria ya kupima kabla ya kupangisha ndiyo kali kuliko zote. Ni ya gharama, na wenye nyumba wataipiga vita. Ningeianza kwa nyumba zinazopokea fedha za HUD ndani ya maili moja, vocha zikiwemo, kisha ipanuke.

Labda naegemea upande wa kupima mapema kwa sababu nimekulia Mikindani, Mombasa, na Owino Uhuru si mbali na kwetu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza pale mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, kikafungwa 2014. Phyllis Omido, aliyewahi kuwa mfanyakazi wake na ambaye mwanawe alikutwa na risasi mwilini, ndiye aliyeanza kupiga kelele. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Vipimo vya udongo na vya damu vilikuja wakati watu wameshaugua, vikawa ushahidi wa kesi. Vingefanywa 2007 vingekuwa sababu ya kutokipa kiwanda kibali.

Kabla hujatia sahihi popote

Mtoto apimwe risasi kwenye damu kabla ya kuhama na tena miezi michache baadaye, ili ujue namba imetoka wapi. Walio na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, wana haki ya kipimo hicho katika miezi 12 na miezi 24. Tangu 2021 CDC, kituo cha serikali kuu cha kudhibiti magonjwa, kinataka familia ifuatiliwe mtoto akifika mikrogramu 3.5 kwa desilita. Na kama mmeshahamia na mko wengi, kikundi cha wakazi kinaweza kuomba ruzuku ya EPA ya hadi dola 50,000 kuajiri mtaalamu wao wa kuwasomea ripoti, asiye wa serikali wala wa kiwanda. Ruzuku hiyo iko ndani ya sheria tangu 1986, na ni aibu jinsi wachache wetu tunavyoijua.

Shemeji aliomba nyongeza ya siku, akapewa 30. Siku ya 71 alipata fleti ghorofa ya pili upande mwingine wa mji, jiko finyu, ngazi nyingi, basi mbili hadi kazini. Barua yake kwa mamlaka ya nyumba haijajibiwa. Mchicha anapanda kwenye ndoo tano kwenye baraza, kwa udongo wa kununua dukani, na dada yangu kila akiipita ile nyumba ya ua mpana anapunguza mwendo wa gari.